Mama wa Sauti Nzito na Kijana wa Sauti Nyembamba: Je, Wanaimba Sauti Moja?

Ukizunguka vigango vya Mkoa wa Simiyu siku ya Jumapili, utakuta jambo lililozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeliulizia. Katika safu ya tena, katikati ya vijana wawili au watatu, amesimama mama anayeimba nao sauti ya tatu. Wanaume kwayani ni wachache, na mvua zikianza watu wakawa mashambani wanapungua zaidi. Basi mwalimu wa kwaya anaitazama safu ya alto, anamchagua mwenye sauti nzito kuliko wenzake na kumwambia, “Mama, njoo utusaidie huku.” Seminarini, ambako waimbaji wote ni wanaume, mambo hugeuka: anayehamishwa ni kijana, naye anaambiwa ashike alto.

Nota wanazoimba hawa wawili zinaingiliana sana. Wanaweza hata kukutana kwenye nota ileile kabisa, na kinanda kikathibitisha. Lakini mwenye masikio atakwambia kwamba si kitu kimoja. Katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini, maana kutoijua tofauti hiyo kumewagharimu watu: wapo waliokaukwa sauti, na wapo walioacha kwaya.

Kwanza lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego hapa. Tukisema “sauti ya juu” tunaweza kumaanisha nguvu ya sauti, au nota iliyo juu. Mwalimu anasema “pandisheni”, nusu ya kwaya inapandisha nota na nusu inaongeza kelele. Neno “nzito” nalo limebeba mambo mawili: nota iliyo chini, na rangi ya sauti iliyojaa, yenye kivuli kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sauti nzito na bado akapanda vizuri, na mwingine akawa na sauti nyepesi kama ya mtoto lakini juu asifike. Hapa nikisema juu na chini nazungumzia nota. Nikisema rangi, nazungumzia ule utambulisho unaokufanya umjue shangazi yako kwenye simu kabla hajataja jina.

Majina ya sauti yana historia ambayo yenyewe inatoboa siri. “Tena” inatokana na neno la Kilatini tenere, yaani kushika. Katika muziki wa Kanisa wa Zama za Kati, tena ndiye aliyeshika wimbo wenyewe, mara nyingi wimbo wa Kigregori uliovutwa polepole, na wengine wakapamba kumzunguka. Sisi nasi husema “shika sauti ya tatu”, na sidhani kama kuna aliyetufundisha Kilatini hicho. Baadaye ikaongezwa sauti ya kwenda kinyume na tena, contratenor, na katika karne ya 15 ikagawanyika mara mbili: ile ya juu ya tena ikaitwa contratenor altus, ya chini contratenor bassus. Altus maana yake ni “juu”. Kutoka hapo tumepata alto, kontralto, kauntatena na besi.

Sasa angalia kinachotokea. Alto, sauti ambayo kwetu ni ya chini upande wa akina mama, kwa jina lake ni sauti ya juu. Iliitwa ya juu kwa sababu waliokuwa wakiiimba ni wanaume, na kwao kweli ilikuwa juu. Wanawake walipoichukua karne za baadaye, jina halikubadilika. Kwa hiyo mwanamke wa sauti ya chini na mwanaume wa sauti ya juu ni warithi wawili wa kiti kimoja. Mmoja anakifikia kwa kushuka, mwingine kwa kupanda.

Je, kwa nini wanaume ndio walioanza? Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilisoma maneno ya Mtakatifu Paulo kuhusu wanawake kunyamaza katika kusanyiko (1 Kor 14:34) kama katazo la wao kuimba katika kwaya ya liturujia. Sauti za juu zikaachiwa watoto wa kiume, wanaume wanaoimba kwa falseto, na, jambo ambalo ni aibu kulisimulia, wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Wa mwisho wao katika Kikanisa cha Sistina, Alessandro Moreschi, alifariki mwaka 1922. Rekodi alizofanya Roma mwaka 1902 na 1904 bado zinasikika, na hazipendezi sana kuzisikiliza ukijua zilikotoka.

Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio X alitoa hati Tra le sollecitudini. Ndani yake alisema kwamba waimbaji kanisani wanatimiza huduma halisi ya kiliturujia, kwa hiyo wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kwaya, na pale zinapohitajika soprano na alto waimbe watoto wa kiume kadiri ya desturi ya zamani. Mwaka 1955 Papa Pio XII, katika Musicae sacrae disciplina, alilegeza: palipokosekana watoto wa kiume, wanawake waliruhusiwa kuimba, ila nje ya patakatifu. Baada ya Mtaguso, maagizo Musicam sacram ya tarehe 5 Machi 1967 yakaitambua bila wasiwasi kwaya ya wanaume na wanawake, na hata ya wanawake peke yao pale panapofaa. Kwa hiyo yule mama wa kigangoni amesimama mahali ambapo miaka 120 iliyopita asingeruhusiwa kusimama. Si vibaya mwalimu wa kwaya akakumbuka hilo kabla ya kumsogeza huku na huku kama kiti cha plastiki.

Sasa tuingie kooni. Msomaji wa Usukumani ataelewa upesi nikitumia zeze. Zeze lina uzi, na lina kibuyu. Uzi unaamua nota: ukiwa mrefu au mnene, nota inashuka; ukiukaza, inapanda. Kibuyu hakiamui nota, kinaamua rangi. Chukua uzi uleule, ukaze vilevile, lakini badilisha kibuyu kikubwa uweke kidogo: nota ni ileile, ila sikio litajua mara moja kwamba chombo ni kingine.

Binadamu ana vyote viwili. Uzi ni nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto, yaani lile gumba linaloonekana shingoni mwa wanaume. Kwa mwanamke mtu mzima nyuzi hizo zina urefu wa takriban milimita 12 hadi 17. Kwa mwanaume 17 hadi 25, na ni nene zaidi. Ndiyo maana mwanaume huongea kwenye mitetemo kama 120 kwa sekunde na mwanamke karibu 200. Utaona kwamba vipimo hivyo vinagusana. Mwanamke mwenye nyuzi ndefu kuliko wengi na mwanaume mwenye nyuzi fupi kuliko wengi wanakaribia kuwa majirani. Hakuna kosa la maumbile hapo, wala ishara ya kitu kingine chochote.

Lakini kibuyu ni tofauti. Kutoka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, mwanaume ana njia ya sentimita 17 hivi, na mwanamke 14 hadi 15. Koo, mdomo na nafasi iliyo nyuma ya ulimi vyote ni vikubwa zaidi kwa mwanaume. Njia hiyo huitikia baadhi ya mitetemo na kuifanya ing'ae, mingine ikaififisha. Ndiyo maana, hata mama na kijana wakishika nota ileile, mwangwi wa miili yao unaipaka rangi mbili. Na ndiyo maana mwanaume akiimba alto hasikiki kama mwanamke, hata akijitahidi. Anasikika kama mwanaume aliye juu sana.

Kuna jambo la pili ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko rangi: nota ileile haikai mahali pamoja katika sauti za watu wawili. Kila sauti ina ghorofa. Ghorofa ya chini tunaiita sauti ya kifua. Nyuzi zinatetema kwa unene wake wote, na ndiyo tunayotumia kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ya juu tunaiita sauti ya kichwa. Nyuzi zinavutwa, zinakuwa nyembamba, zinatetema zaidi kingoni. Kwa wanaume ipo pia falseto, ambamo kingo pekee ndizo zinazofanya kazi, na kwa asiyefundishwa nyuzi hazifungi vizuri, hewa inavuja, sauti inakuwa kama filimbi iliyopasuka. Kati ya ghorofa na ghorofa kuna daraja. Mwimbaji yeyote analijua kwa uchungu, kwa sababu hapo ndipo sauti hukatika mbele za watu.

Chukua nota G iliyo juu ya C ya kati, mitetemo 392. Kwa tena, hiyo ni kilele. Amefika darajani au amelivuka kidogo, shingo inataka kukaza, na kama anaimba kwa sauti kamili kanisa zima linajua kwamba amepanda mlima. Kwa mama wa alto, G hiyohiyo ni uwanda. Yuko katikati ya sauti yake, anaimba huku anatabasamu. Sasa shuka hadi G iliyo chini ya C ya kati, mitetemo 196. Kwa tena hapo ni nyumbani kabisa, anaongea tu. Kwa mama wa alto hapo ndipo sakafu inapokaribia. Ana sauti ya kifua iliyojaa, nzuri mno kama ni kontralto wa kweli, lakini chini yake hakuna nafasi kubwa.

Na mwanaume wa alto, kauntatena? Yeye anasafiri eneo lilelile la kontralto, takriban kutoka F au G iliyo chini ya C ya kati hadi karibu oktavo mbili juu yake, lakini kwa falseto iliyofundishwa hadi ikafunga na kuimarika. Juu anang'aa, chini anafifia. Nota za chini za alto, ambazo kwa kontralto ni tajiri, kwake ndiko anakolazimika kuvuka daraja kurudi kwenye sauti ya kifua, na akilivuka vibaya utadhani wameimba watu wawili. Kwa ufupi, kontralto ana hazina yake chini na kauntatena ana hazina yake juu, ingawa karatasi ya nota inawapa mstari mmoja.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: kauntatena wengi, wakiongea, wana sauti ya baritoni. Falseto imara haitegemei kwamba mtu ana sauti nyembamba ya kuongea. Seminarini tukitafuta watu wa alto huwa tunawaendea matena moja kwa moja, ilhali huenda aliyekaa nyuma na besi ndiye mwenye falseto safi. Mjaribuni naye.

Wanamuziki wa Ulaya wana jozi nzuri ya mfano. Kathleen Ferrier na Alfred Deller walizaliwa Uingereza mwaka mmoja, 1912. Ferrier alikuwa kontralto, Deller kauntatena aliyetokea kwenye kwaya za makanisa makuu ya Kianglikana na kuirudisha sauti hiyo jukwaani wakati wengi walikwisha kuisahau. Benjamin Britten aliwaandikia wote wawili. Kwa ajili ya Ferrier na mwimbaji wa tena Peter Pears alitunga, mwaka 1952, kipande juu ya sadaka ya Ibrahimu, maneno yake yakitoka katika mchezo wa kidini wa zamani wa mji wa Chester. Pears alikuwa Ibrahimu, Ferrier akawa Isaka. Swali gumu lilikuwa nani aimbe sauti ya Mungu. Besi angesikika kama mzee fulani tu. Britten aliwaunganisha wote wawili, alto na tena, maneno yaleyale kwa pamoja, nota zao zikiwa karibu karibu, na kutokana na mchanganyiko huo inatoka sauti ambayo huwezi kusema ni ya mwanaume wala ya mwanamke. Asingeweza kufanya hivyo kama sauti hizo mbili zisingekuwa jirani, wala kama zingekuwa kitu kimoja. Ferrier alifariki mwaka uliofuata, na baadaye makauntatena nao wameimba nafasi ya Isaka. Ukilinganisha, Isaka wa kontralto na Isaka wa kauntatena ni watoto wawili tofauti: mmoja ana joto, mwingine ana ubaridi wa asubuhi. Mimi nampendelea wa kwanza, lakini najua wenzangu darasani wanaobisha.

Karibu na nyumbani tuna Missa Luba, iliyotokea Kamina, Katanga, mwaka 1958, chini ya Padre Guido Haazen. Kwaya ile ilikuwa ya watoto wa kiume na walimu wao, na juu yao alipaa mwimbaji wa tena, Joachim Ngoi. Hakuna mwanamke ndani, na hakuna anayejifanya mwanamke: juu kuna watoto, katikati tena kwa sauti yake kamili. Na nje ya kanisa kabisa, nani asiyemjua Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeimba taarabu kwa sauti nzito iliyokwaruza kama jiwe la kusagia, au Tabu Ley wa Kongo, aliyeelea juu ya magitaa kwa sauti nyembamba tamu? Hakuna aliyemwambia Bi Kidude kwamba angekuwa mwanaume, na hakuna aliyemcheka Tabu Ley. Katika dansi na taarabu tunaelewa. Tukiingia kwayani tunasahau.

Namkumbuka mama mmoja wa kigango fulani cha Unyantuzu, mwenye sauti iliyoshuka kuliko ya mwanamke yeyote niliyewahi kumsikia akiimba. Mwalimu wa wakati huo alimweka soprano, kwa hoja kwamba wanawake wote waanzie sauti ya kwanza. Akawa anaimba akiwa amekunja uso. Akaja mwingine akamhamishia tena, na vijana wakaanza kumwita “kaka”. Alicheka nao mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu hakuja mazoezini, na sasa anaimba akiwa bentini, peke yake, chini ya wote, na ukikaa karibu naye utajua kwaya imepoteza nini. Kwa upande wa pili wapo wavulana, na seminari ndogo zinawajua, ambao sauti ilipovunjika ikabaki juu kuliko ya wenzao, wakajifunza kuongea kwa kukandamiza zoloto ili wasionekane “wa kike”. Kukandamiza huko kunaumiza koo, na sauti inayotoka si yao.

Wanaodhani kwamba sauti nzito ni mali ya dume kwa sheria ya maumbile, wamsome Aristotle. Katika kitabu chake juu ya uzazi wa wanyama, kitabu cha tano, anasema kwamba kwa wanyama karibu wote jike ana sauti nyembamba kuliko dume, halafu anaongeza kwamba ng'ombe ni kinyume: jike ana sauti nzito kuliko fahali. Wachungaji wa Meatu wana ng'ombe wengi kuliko Aristotle, waamue wenyewe. Kilichonivutia ni kwamba mwanafalsafa huyu, aliyependa sana kanuni za jumla, alikubali kuweka ng'ombe pembeni ya kanuni yake. Na katika De anima, kitabu cha pili, anapoieleza sauti anasema ni mlio wa kiumbe chenye nafsi, tena wenye maana. Hapo hataji uzito wala wembamba kama kitu kinachoifanya sauti kuwa sauti. Hizo ni sifa, zinakuja na kuondoka. Mtoto wa kiume mwenyewe ni ushahidi, maana ndani ya mwaka mmoja au miwili, akiwa na miaka 12 hadi 15, zoloto lake linakua na sauti inashuka karibu oktavo nzima, naye anabaki mtu yuleyule.

Basi mwalimu wa kwaya afanye nini akiwa na mama wawili na kijana mmoja kwenye tena?

Ajue kwanza tatizo liko wapi. Mstari wa tena katika nyimbo zetu hushuka mara kwa mara hadi E au D iliyo chini ya C ya kati, na wakati mwingine hadi C. Mama wa alto anaishia F, wengi wanaishia G. Kila mstari unaposhuka, safu yake inatoweka, na wimbo unabaki na shimo katikati ya alto na besi. Halafu mstari unapopanda kwenye kilele, pale mtunzi alipotaka ule msisimko wa tena aliyefika mlimani, mama anapita kwa raha kama anasema salamu, na msisimko haupo. Hajakosea kitu. Wimbo uliandikiwa daraja ambalo yeye hana mahali pale.

Solfa inaongeza mtego wake. Kwa desturi, tena na besi huandikwa oktavo moja juu ya zinavyoimbwa, ili kuepuka vialama vingi vya chini. Mwanaume akisoma “s” anaishusha mwenyewe bila kufikiri, sauti yake inampeleka huko. Mama akisoma “s” hiyohiyo ataiimba ilipoandikwa, oktavo moja juu, akawa juu ya alto na pengine akagongana na soprano. Mwalimu anasikia fujo, anadhani mama hajui nota, kumbe anazijua vizuri mno. Aambiwe tu kwa maneno: ukisoma tena, shusha oktavo.

Dawa inayotumika sana ni kupandisha Doh, tuseme kutoka F hadi A, ili akina mama wafike chini. Siipendi. Inamwokoa mama wa tena na kumuua soprano, na yule kijana mmoja wa kweli wa tena anaimba Misa nzima akiwa amesimama darajani. Ni afadhali akina mama waimbe tena pamoja na angalau mwanaume mmoja wa kushika nota za chini, wao wakinyamaza zinapowapita, au wimbo upangwe upya kwa sauti tatu: soprano, alto na wanaume wote pamoja. Watunzi wetu wamezoea sauti nne kana kwamba ni amri ya kumi na moja. Padre Stephen Mbunga, aliyechapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, alikuwa tayari anauliza muziki wa watu wetu unadai nini wenyewe. Ukiwasikiliza wachezaji wa Bagika na Bagalu, au ngoma za Bulabo pale Bujora karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, utamsikia manju akiongoza uwanjani kwa sauti ya kifua aliyoipandisha hadi ikachoma, na umati ukimwitikia pamoja. Hapo hakuna mgawanyo wa safu nne, na hakuna aliyeona pengo.

Kwaya ya wanaume peke yao ina shida yake. Mara nyingi tunachukua wimbo wa sauti nne, soprano wanaimba oktavo chini, na alto hivyohivyo, tukidhani tumemaliza. Lakini alto ikishushwa oktavo nzima huangukia chini ya tena, na mara nyingine chini ya besi. Chukua mahali ambapo besi anaimba “m” na alto “d” ya juu yake kidogo. Shusha alto: “d” sasa iko chini ya “m”, na yeye ndiye amekuwa msingi wa kodi bila kuombwa. Besi anabaki kuelea. Ndiyo sababu wimbo uliopendeza parokiani unasikika kama tope kwenye kikanisa cha seminari. Wimbo upangwe upya kwa tena wa kwanza, tena wa pili, baritoni na besi, nota za katikati zikikaribiana juu na kuachana chini. Au, kama yupo mwenye falseto iliyofungwa vizuri, wawili au watatu waimbe alto mahali pake, mradi mwalimu asiwalazimishe kupiga kelele; falseto ikilazimishwa hupasuka.

Kumpima mtu si kazi ngumu, wala haihitaji mtaalamu kutoka Mwanza. Mwambie ahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja kwa sauti yake ya kuongea, utafute kwenye kinanda nota anayoizunguka. Kisha aimbe “d r m f s f m r d” kwa herufi u, ukipanda nusu hatua kila mara, na usikilize daraja liko wapi kuliko kusikiliza anafika wapi. Watu wengi wanafika juu siku ya majaribio na hawawezi kukaa huko dakika ishirini. Kinachoamua safu ni pale anapoweza kukaa. Mvulana ambaye sauti inavunjika apewe mstari mfupi wa katikati au apumzike, na apimwe tena kila muhula, kwa sababu aliyekuwa alto Kidato cha Kwanza anaweza kuwa besi Kidato cha Tatu.

Mwimbaji anayetoka mazoezini akiwa amekwaruzwa kila wiki amewekwa safu isiyo yake, hata kama nota anazifikia. Akibaki hivyo zaidi ya wiki tatu, na hana mafua, aende hospitali akaangaliwe koo. Na mama mwenye sauti ya kushuka kweli, kontralto, ni adimu. Wengi wa alto zetu ni sauti za katikati zilizowekwa pale kwa sababu wanajua kusoma nota. Ukimpata mmoja, mrudishe alto, umpe na shairi la kuimba peke yake chini ya C ya kati, mahali ambapo soprano hawezi kumfuata na tena akipita hasikiki hivyo.